Sukari Ilikuwa na Jina



Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humfichua. Mimi niliyaficha yangu katika shule hii kwa zaidi ya miaka miwili, na kifo kilikuwa kimeshanyoosha mkono kuja kunifichua. Sasa niko kidato cha nne. Hili ndilo jarida la mwisho la Chama cha Kiswahili nitakaloliandikia nikiwa nimevaa sare, nami nimeonelea heri nijifichue mwenyewe kabla sijafunga sanduku langu.

Wengi wenu mnaniita Mama Chupa kwa kuwa sikosi chupa ya maji mkononi, hata gwarideni. Wengine mnaikumbuka ile sindano iliyookotwa nyuma ya mabafu muhula wa pili, mwaka wa 2024, mambo yakachacha hadi masanduku yetu yakapekuliwa. Sindano ile ilikuwa yangu. Haikuwa ya dawa za kulevya. Ilikuwa ya insulini.

Tafadhali msiufunike ukurasa huu. Nisomeni hadi tamati.

Ilianza mwaka wa 2021, nikiwa na umri wa miaka 13, wakati nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Kiu ilinishika. Najua mtasema, "Kwani Garissa nani hana kiu?" Kweli, jua letu halina huruma, lakini hii ilikuwa kiu ya namna nyingine. Nilimaliza jagi zima la maji na bado ulimi ulinata mdomoni. Usiku niliamka mara nne au tano kwenda msalani. Nilikula kuliko kaka zangu, na bado nikakonda kama ng'onda. Ayeyo wangu alishikilia kuwa ni jicho la watu. Kisha jioni moja hoyo akaniinamia kunifunga shungi langu, akasikia pumzi yangu inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hakungoja kukuche.

Hospitalini walinitoboa kidole, wakaweka tone la damu kwenye mashine ndogo. Mashine ilishindwa kutaja namba. Iliandika tu kuwa sukari iko juu mno.

Daktari alitueleza kwa upole. Tumboni kuna kiungo kiitwacho kongosho, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza insulini. Insulini ni kama ufunguo: hufungua mlango ili sukari itoke kwenye damu, iingie mwilini ikawe nguvu. Kongosho langu lilikuwa limeacha kuunda ufunguo huo. Hiki ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata hasa watoto na vijana, wala hakiletwi na peremende. Cha aina ya pili ndicho kile cha watu wazima wengi, ambao insulini wanayo lakini mwili hauitii vyema. Wenye aina ya pili huweza kuanza na vidonge. Mimi sina budi kujidunga kila siku ya maisha yangu.

Alituambia pia kwamba zamani mtoto kama mimi alikuwa hana tumaini. Insulini iligunduliwa mwaka wa 1921 mjini Toronto, Kanada, na Frederick Banting na Charles Best. Mtu wa kwanza kudungwa, Januari 1922, alikuwa mvulana aitwaye Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14. Alikuwa karibu rika langu! Nilijiona nina bahati kuzaliwa wakati huu.

Kwa Kisomali ugonjwa huu huitwa macaan, yaani utamu. Kila mtu kwetu analijua jina hilo. Jirani anao, mwenye duka anao, mjomba wa mtu anao. Lakini hao ni wazee. Tulipofika nyumbani hoyo alifunga mlango, akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, usimwambie mtu," akaninong'oneza. "Msichana mwenye macaan, nani atamposa? Na dada zako wadogo je? Watasema ni ugonjwa wa ukoo."

Simlaumu hoyo. Aliogopa, na mwenye kuogopa hufunga mlango. Fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza ilipofika mwaka wa 2022, palipoulizwa kama mwanafunzi ana ugonjwa wowote, tuliandika "Hapana".

Basi nikaja shuleni na siri yangu. Chini ya kitanda changu palikuwa na mtungi mdogo wa udongo. Mlidhani ni wa maji ya kunywa. Ndani yake kulikuwa na chupa ya insulini iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, na nje niliuzungushia kitambaa nilichokilowesha asubuhi na jioni ili upate ubaridi. Kaka yangu aliniletea chupa mpya siku za kutembelewa. Nilijidunga bafuni, mlango nikiuzuia kwa mguu, nikisikiliza nyayo za watu. Mchana, jua likiwa la utosi na mabati yakilia, niliwaza: huenda dawa imeshachemka. Huenda najidunga maji tu.

Mwezi wa Ramadhani mwaka wa 2024 nilifunga ili nisiulizwe maswali. Siku moja baada ya Alasiri sukari ilinishuka. Mikono ikatetemeka, jasho likanitiririka, maneno ya ubaoni yakawa yanaogelea. Nilidanganya kuwa ni malaria. Wenzangu wakanipa pole, nami nikazipokea pole ambazo hazikuwa za ugonjwa wangu.

Na nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Nyote mnaukumbuka ukame ulioanza mwaka wa 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo. Abo alikuwa na ngamia 31. Mwaka wa 2022 ulipokwisha alibakiwa na wanne. Kila nilipofunga shule nilimkuta ameketi kwenye mkeka ule ule, kikombe cha chai kimepoa mbele yake, anautazama ukuta. Mwanamume aliyekuwa akimtambua kila ngamia wake kwa nyayo, leo ukimsalimu mara tatu ndipo anaitika. Watu walisema, "Mzee amechoka." Mchovu hupumzika akaamka. Abo hakuamka.

Ndipo ikaja ile sindano. Naweka wazi kosa langu: niliitupa vibaya, nyuma ya mabafu, kwa haraka ya kukimbilia kengele. Ilipookotwa, uvumi ulienea kama moto wa nyika. Kukawa na kunong'onezana kuwa ni dawa za kulevya. Na kwa kuwa mgeni ndiye wa kushukiwa, kidole kilielekezwa kwa mwenzetu mmoja wa bweni letu aliyetoka Mwingi, ambaye hakuwa na mtu wa kwao hapa wa kumtetea. Aliitwa ofisini. Mama yake alipanda basi kutoka Mwingi kuja kujibu maswali. Niliwaona wawili hao wamesimama chini ya mwarobaini, mama anafuta machozi kwa ncha ya leso, binti anarudia, "Mama, si mimi. Walahi, si mimi." Msichana Mkristo anaapa kwa kiapo chetu ili aaminiwe!

Nami nilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Sikusema be wala te.

Aliachiliwa kwa kukosa ushahidi, lakini macho ya watu hayakumwachilia. Tangu siku hiyo kitu kiliniingia ambacho sikuwa na jina lake. Kila asubuhi niliamka kama niliyewekewa jiwe la kusagia kifuani. Chakula kilikosa ladha. Mashairi niliyokuwa nikiyaghani hapa chamani nikayaona ni kelele. Usingizi ulikataa kuja, na ulipokuja ulikataa kwenda. Nililia bila sababu, kisha hata kulia kukanishinda. Nikajiambia ni imani yangu imepungua. Nikajiambia ni uvivu. Neno wazimu sikuthubutu hata kulifikiria, maana mnajua utani wetu: mtu akinyamaza kidogo tu, "Huyu apelekwe Mathari!"

Siku moja sikujidunga. Si kwamba nilikuwa nimepanga jambo. Nilikuwa tu sioni faida ya kuinuka kitandani. Siku ya pili nikajidunga nusu. Ya tatu sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka. Sikusema nataka kufa, ila kuishi kulikuwa kumenitoka mkononi kama kamba ya ndoo kisimani.

Nilianguka wakati wa prepu. Waliokuwa darasani wanasema nilikuwa nikihema kwa nguvu kama niliyekimbia, na nimetapika. Mwili usipopata insulini huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na damu huwa chachu hata ikawa sumu. Mwalimu wetu wa Kiswahili ndiye aliyekuwa wa zamu. Alinibeba pamoja na mlinzi, wakanitia garini. Hakuna aliyejua nina nini. Hebu fikiria, msomaji: anayekuokoa anauliza njia nzima, "Ana ugonjwa gani huyu?" na jibu liko ndani ya mtungi chini ya kitanda.

Nilizinduka mkononi mna dripu. Hoyo alikuwa miguuni pangu. Abo alikuwa kwenye kiti pembeni, na mwalimu amesimama dirishani. Siku ya pili alikuja daktari mwanamke, akavuta kiti. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa Kisomali maswali mawili tu.

"Katika majuma mawili haya yaliyopita, umekosa hamu au raha ya mambo uliyoyapenda? Umejiona umevunjika moyo, huna tumaini?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa neno, sauti ikatoka pembeni.

"Ndiyo," akasema abo.

Daktari aligeuka. Hoyo aligeuka. Abo alikuwa anatazama sakafu.

"Ndiyo," akarudia. "Si majuma mawili. Ni miaka miwili."

Sijawahi kumwona abo akilia, na hata siku hiyo hakulia. Lakini hoyo alijifunika uso kwa shungi lake, mabega yakamtetemeka. Mimi nami nikasema ndiyo yangu, kwa sauti ndogo, nyuma ya ya baba yangu.

"Na ugonjwa huo unaitwaje?" hoyo akauliza hatimaye. "Wa sukari tunaujua jina."

Daktari alifikiri kidogo. Kwa Kisomali, alisema, kuna murugo, yaani huzuni. Kuna niyadjab, kuvunjika moyo. Kule kambini Dadaab kuna buufis, ile hamu kali ya kuhamia ng'ambo ambayo humla mtu hata akaugua. Na kuna waali, wazimu, neno ambalo hakuna anayelitaka mlangoni pake. Lakini jina ambalo mtu angeweza kulitaja kama anavyotaja malaria, bila aibu, hakulipata upesi.

Ndipo mwalimu wangu akasema kutoka dirishani, "Kwa Kiswahili ni sonona."

Nilikuwa nimekutana na kitenzi hicho kwenye kamusi nikitafuta vina vya shairi: kusonona, kuumia moyoni. Sikujua kuwa kilikuwa kikinihusu. Wengine huuita unyogovu, lakini mimi nalipenda sonona, kwa sababu lilinifikia siku hiyo. Sukari ilikuwa na jina tangu mwanzo, ndiyo maana ilikuwa na sindano, na kipimo, na siku ya kliniki. Hii nyingine haikuwa na jina, ikawa inatembea ndani ya nyumba yetu kama mwizi asiyebweka mbwa.

Daktari alitufunulia jinsi ndugu hawa wawili wanavyoshirikiana. Watu wenye kisukari hupatwa na sonona mara mbili hadi tatu zaidi ya wasio nacho. Kila siku kuhesabu chakula, kujitoboa, kuogopa, kuficha, vyote huchosha moyo. Moyo ukichoka, mtu huacha dawa. Akiacha dawa, sukari hupanda, mwili hulegea, na moyo huzidi kuzama. Ukitibu mmoja ukamwacha mwingine, umefunga mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili. Sonona nayo hutibika: kwa ushauri nasaha wa mara kwa mara, na kwa baadhi ya watu, vidonge.

Hoyo alipomweleza hofu yake ya posa, daktari alitabasamu. "Usidhani ni Wasomali peke yao," akasema. Huko Uingereza, watu wenye asili ya India, Pakistan na Bangladesh hupata kisukari cha aina ya pili mara mbili hadi nne zaidi ya Wazungu, na kule nako kuna akina mama wanaofunga mlango na kunong'ona, "Usimwambie mtu, nani atakuoa?" Hoyo alishangaa kusikia kuwa ana wenzake mbali namna hiyo.

Nilimuuliza juu ya joto na mtungi wangu. Jibu lake lilinifurahisha. Mwaka wa 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hapa hapa kwetu. Walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha wakaiweka insulini katika joto kama hilo kwa majuma manne. Nguvu yake ilibaki sawa na ile iliyokaa katika friji! Kumbe mtungi wangu ulikuwa umefanya kazi yake. Mimi ndiye niliyeuvunjia moyo.

Nyumbani ayeyo hakukubali upesi. Alimwita sheikh anisomee. Sheikh alisoma, nami nilipata utulivu, sitakana. Kisha akamwambia ayeyo kuwa kutafuta tiba ni katika dini, na kwamba Qurani, katika Surat al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kula mwezi wa Ramadhani. "Huyu asifunge mpaka daktari wake aseme," akasema. Ayeyo alinyamaza, halafu akaniletea kikombe cha maziwa ya ngamia. Nayanywa, ila nayahesabu kama chakula. Si badala ya sindano.

Abo sasa huenda kliniki kila mwezi. Alipimwa sukari, hana. Ugonjwa wake hautafutwi kwa tone la damu. Bado kuna siku anautazama ukuta. Lakini siku nyingine hutoka alfajiri kwenda soko la mifugo kutazama ngamia wa watu, na akirudi hutueleza kila mmoja alivyokuwa.

Niliporudi shuleni nilikwenda ofisini nikasema ukweli wote. Dawa yangu sasa inakaa kwenye friji ya walimu, na sindano zilizotumika natia kwenye kopo gumu na kuzirudisha hospitalini. Kisha nikamwendea yule mwenzangu wa Mwingi. Nilimwomba msamaha mbele ya bweni zima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji. Majuma mawili hakunisemesha. Ilikuwa haki yake.

Usiku mmoja sukari ilinishuka usingizini. Niliamka nimelowa jasho, natetemeka, ulimi mzito. Nikasikia mtu anashuka kitanda cha juu, kijiko kinagonga kikombe. Alikuwa yeye. Alikuwa amekoroga vijiko vitatu vya sukari katika maji.

"Kunywa," akasema. "Bado nimekukasirikia. Lakini kunywa."

Nilikunywa. Alikaa nami mpaka kutetemeka kukaisha.

Wenzangu, ninyi mtakaobaki nina ombi dogo kwenu. Mkimwona mwenye kisukari anatetemeka na kutoa jasho, mpeni sukari au soda upesi, mradi anaweza kumeza. Akiwa amezimia msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitalini. Mkimwona mwenzenu amenyamaza siku nyingi, chakula hakili, vitabu havimwiti, msimtanie Mathari. Ketini karibu naye mmuulize yale maswali mawili. Na walimu wetu wapendwa, yule aliyeandika "Hapana" kwenye fomu huenda naye yuko hapa, mtungi wake uko chini ya kitanda.

Nami kwako wewe wa Mwingi, uliye kitanda cha juu hata leo: msamaha niliuomba mbele ya bweni, lakini uvumi ulienea shule nzima. Ndiyo maana nimeuandika hapa, shule nzima isome. Sindano ilikuwa yangu.

Wasalaam.

Mwandishi ni mwanafunzi wa kidato cha nne na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.